Aliyepaisha Akaufuate: Jinsi Chandimu ya Mitaa ya Mbeya Inavyomfundisha Mtoto Mpira

Mbeya imeketi mguuni pa mlima Loleza, na mitaa yake ya juu, Isanga, Iganzo, Itiji, ni shida kupata mahali utakapoweka gololi ikatulia. Mtoto wa huko huujua mteremko kabla hajaijua sheria yoyote ya soka. Akipiga shuti likapaa juu ya goli la mawe, mpira hausimami. Unashuka na barabara, unaruka mfereji, unapita nyuma ya kibanda cha mkaa, na siku mbaya unaingia kwenye ua wa mzee ambaye watoto wote wanamwogopa. Wenzake wanageuka kumtazama yeye peke yake, na hukumu inajulikana: aliyepaisha akaufuate.

Nimekulia chini ya sheria hiyo ya chandimu, mpira wa kujichezea wa mtaani. Wakati ule niliiona ni haki tu, kwamba mkosaji abebe kosa lake. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimesimama pembeni natazama watoto wa wengine wakicheza, ndipo nilipoona inavyofanya kazi. Mtoto aliyeteremka mara tatu kuufuata mpira, akapanda tena akihema, mara ya nne hapigi kwa nguvu zake zote. Anauinamia mpira, goti linakuwa juu yake, anausukuma kwa ndani ya mguu, chini chini, kuelekea pale kipa asipofika. Hakuna kocha aliyemwambia ainamishe kifua asiegemee nyuma. Kilima ndicho kilichomwambia.

Swali la namna mtoto asiye na mwalimu anavyojifunza mpira limevurugwa siku nyingi na majibu ya haraka. Wapo wanaosema kipaji mtu huzaliwa nacho, basi. Wapo wanaosema bila akademi, yaani shule ya soka, bila koni na jezi hakuna mpira. Na wapo, hasa wa rika langu, wanaosema zamani tulicheza pekupeku ndiyo maana tulikuwa na wachezaji. Kila jibu limeshika kipande chake, lakini hakuna linaloeleza ni kitu gani hasa, katika kichochoro cha hatua ishirini, kinachoingia mguuni mwa mtoto na kubaki humo.

Naamini jibu limo kwenye masharti. Mpira una masharti yake, ardhi ina yake, idadi ya watoto ina yake, na kukosekana kwa refa nako kuna yake. Mwaka 1986 mtaalamu wa elimu ya mwendo Karl Newell alieleza kwamba namna mtu anavyojongea hutokana na kukutana kwa vitu vitatu: mwili wake, kazi aliyo nayo, na mazingira anamoifanyia. Ukibadilisha kimoja, mwendo mzima unabadilika. Watoto wa Isanga hawajapata kumsikia Newell, ila kila jioni wanaishi ndani ya maelezo yake.

Mpira usiodunda

Tuanze na mpira wenyewe. Wa kwetu ulikuwa wa matambara: soksi kuukuu iliyoshindiliwa nguo zisizovalika tena, ikazungushiwa mifuko ya rambo na kukazwa kwa kamba mpaka iwe ngumu kama kitunguu. Ukiteremka kuelekea Rungwe, ambako migomba imejaa hadi nyuma ya vyoo, mpira ulisukwa kwa majani makavu ya mgomba na kamba za mgomba huohuo. Aliyepata tyubu ya baiskeli iliyokufa aliikata vipande vyembamba kama utepe, akauzungushia mpira wake safu kwa safu. Huyo mpira wake ulidunda kidogo, naye alitembea kama mtu mwenye cheo.

Tarehe 1 Juni 2019 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na kwa mito na mifereji yetu ilikuwa heri kubwa. Rambo ikaondoka kwenye mapishi ya mpira, na watoto wakarudi kwenye nguo na vipande vya viroba. Nataja hili kwa sababu linaonyesha kitu: mpira wa mtoto hutengenezwa na kile ambacho mtaa unatupa. Mtaa ukibadilika, mpira nao unabadilika, na mguu unafuata.

Sasa tazama tabia ya mpira wa namna hiyo. Mpira rasmi wa watu wazima, saizi namba 5, una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450, umejazwa upepo, unadunda. Wa matambara ni mdogo kuliko huo kwa mbali, si duara kamili, na ukiudondosha unatua na kulala. Kwa mtoto wa miaka 8 hiyo ni neema. Mpira unaodunda unamkimbia, na nusu ya jioni yake inaishia kuufukuza. Usiodunda unabaki miguuni, kwa hiyo muda wake wote unakwenda kwenye yale ya mguuni: kuuvuta kwa unyayo, kuuficha nyuma ya kisigino, kugeuka nao, kumtoka mtu mahali penye upana wa mlango. Ndiyo maana chenga na tobo, kuupitisha mpira katikati ya miguu ya mpinzani, ndizo lugha ya kwanza ya chandimu. Kanzu, kumpitishia mpinzani mpira juu ya kichwa, huja baadaye, mtoto akishapata mpira wa upepo.

Wapo waliolifikia jambo hilo kwa makusudi. Mwaka 1930, mjini Montevideo nchini Uruguay, mwalimu Juan Carlos Ceriani alibuni mchezo wa mpira wa miguu wa ndani ya ukumbi, ambao leo unaitwa futisali. Sheria zake zinataka mpira usiodunda sana: ukiachiwa kutoka mita 2, mdundo wa kwanza usipungue sentimita 50 wala usizidi 65. Wachezaji wengi wa Brazil walilelewa na mpira huo kabla ya kukanyaga nyasi. Ambacho wenzetu walikipata kwa kanuni na kiwanda, mtoto wa Mbeya alikipata kwa soksi ya kaka yake.

Hapa lazima niseme wazi, maana hoja hii hupindwa kirahisi. Sisemi umaskini ni shule. Mguu unaokanyaga kipande cha chupa haujifunzi chochote, unaumia. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya kwetu inapouma, kidole kikigonga jiwe mtoto hulia machozi ya kweli. Kinachofundisha ni ule mpira kutodunda. Ukimnunulia mtoto raba nzuri na mpira wa futisali, somo linabaki palepale na maumivu yanaondoka. Anayewanyima watoto vifaa kwa kisingizio kwamba magwiji walicheza pekupeku anajitetea tu.

Mpira wa matambara ulikuwa na sifa nyingine ambayo sikuifahamu mpaka nilipokua: haukuwa na mwenyewe. Mmoja alileta soksi, mwingine nguo, mwingine kamba, na aliyejua kusuka akasuka. Hakuna aliyeweza kununa akaondoka nao. Mpira wa dukani ulipoingia mtaani, aliingia pia mwenye mpira, yule anayecheza hata kama hajui, anayechagua timu na anayeamua faulo. Tulimvumilia, tukajifunza kumbembeleza, na siku mbili tatu akizidi tulirudi kwenye matambara yetu bila kumwambia. Akija peke yake na mpira wake mpya chini ya kwapa, akitutazama, alikuwa amejifunza naye.

Ardhi isiyofanana

Uwanja wa chandimu haufanani na jana yake. Kuanzia Novemba mvua zinaposhika, njia ya maji inapita katikati ya dimba na goli moja linageuka bwawa. Kiangazi kikikolea, udongo unakuwa unga na mpira unasafiri chini ya wingu la vumbi. Pana jiwe ambalo kila mtu analijua, pana mzizi wa mti, na pana kona ambapo ukuta wa nyumba ni mchezaji wa kumi na mbili, maana unampigia pasi na anakurudishia. Goli lenyewe leo ni mawe, kesho ni kandambili, na kule vijijini Iringa ni mianzi miwili iliyosimikwa.

Mtu akiutazama uwanja kama huo anasema hapa huwezi kufundisha mpira. Lakini kuna kazi moja ya zamani inayosema vingine. Miaka ya 1920, mjini Moscow, mwanasayansi Nikolai Bernstein aliwafunga mafundi taa ndogo kwenye viungo vya mkono, akawapiga picha mfululizo wakigonga nyundo. Hao walikuwa watu wa kazi, waliokwisha kugonga maelfu kwa maelfu ya mara. Picha zikaonyesha kwamba nyundo ilitua palepale, lakini bega, kiwiko na kifundo cha mkono havikupita njia ileile kila mara. Kila pigo lilikuwa na mwendo wake, na kosa dogo la bega lilisahihishwa na kiwiko kabla nyundo haijafika. Bernstein akaliita jambo hilo kurudia bila kurudia. Fundi si yule aliyekariri mwendo mmoja hadi ukaganda. Fundi hulifikia lengo lilelile kwa njia nyingi, akitafuta jibu upya kila anapogonga.

Ukishalielewa hilo, mteremko wa Isanga unaonekana kwa macho mapya. Pasi ya kupandisha inahitaji nguvu, ya kuteremsha inahitaji mguso mwepesi, ya kukata mteremko lazima ielekezwe juu kidogo ya mtu ili imfikie. Na kwa kuwa wanaoshambulia kuelekea chini wana faida, watoto wameweka sheria yao ya kugeuza: mkifika bao tano, mnabadilishana upande. Kwa jioni moja, kila mtoto amecheza viwanja viwili tofauti na mguu wake umelazimika kukokotoa upya. Mpangie mtoto huyohuyo koni kumi kwenye nyasi tambarare, azizunguke mara mia. Mara mia hizo zitamkuta yeye yuleyule, kwa sababu koni haisogei, haidanganyiki na haimnyang'anyi.

Watu hupenda kuueleza mpira wa nyanda za juu kwa mwinuko. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa umeshuka hadi kama robo tatu na ushei ya ule wa pwani, na timu ikitoka Dar es Salaam kuja uwanja wetu wa Sokoine, kipindi cha pili utaona mikono iko viunoni. Tukuyu Stars walipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, na Mbeya City walipopanda Ligi Kuu na kumaliza wa tatu msimu wa 2013/14, maelezo ya mwinuko na baridi yalipatikana mengi. Pumzi ni kitu kweli. Lakini mwinuko haujawahi kumfundisha mtu kuutuliza mpira.

Hesabu ya darasa la tano

Jambo la idadi halihitaji maneno mengi. Mechi kamili ina wachezaji 22. Tuseme mpira unatembea kwa dakika 60. Ukizigawa sawasawa, kila mmoja anapata chini ya dakika 3 za kuwa nao. Chandimu ya wanne kwa wanne ina watoto 8. Dakika 60 hizohizo zinampa kila mmoja dakika 7 na nusu. Hiyo ni siku moja. Zidisha kwa jioni tano za wiki, kwa miaka sita ya utoto.

Na mwalimu mwenye watoto 40 na mpira mmoja, aliyewapanga mstari kusubiri zamu ya kupiga? Mtoto wa mwisho kwenye mstari huo anajifunza kusubiri.

Mahakama isiyo na refa

Hapa ndipo penye utajiri ambao watu wazima huupita bila kuuona, kwa sababu kwa masikio yetu ni kelele tu.

Chandimu haina refa, haina mwamba wa juu wa goli, haina mistari, na haina saa. Kila kitu kati ya hivyo lazima kiundwe na watoto wenyewe, na kilindwe na watoto wenyewe, huku kila upande ukitaka kushinda. Mwamba wa goli ni mkono wa kipa ulionyooshwa: mpira ukipita juu ya vidole vyake, umepaa. Maana yake kipa mfupi ana goli fupi, na timu yenye kipa mfupi inalijua hilo vizuri. Faulo hutangazwa na aliyechezewa, lakini akilia kila anapoguswa, siku hiyohiyo neno lake linashuka thamani na akiumizwa kweli hasikilizwi. Kona tatu ni penalti, kwa sababu upande ni mwembamba na kona zingemaliza jioni nzima. Mpita njia akiwa mtu mzima, mpira unakanyagwa, wote wanasimama walipo, "Shikamoo bibi," bibi anapita na mzigo wake wa kuni kichwani, kisha mchezo unaendelea kutoka palepale. Anayeiba hatua mbili wakati bibi anapita anarudishwa kwa kelele.

Kuchagua timu nako ni elimu. Wawili walio bora hawawi pamoja. Wanakuwa manahodha, wanachagua mmoja mmoja kwa zamu. Si kwa sababu watoto ni wema. Ni kwa sababu mechi ya upande mmoja inakufa: ikifika nane bila, walioonewa wanakumbuka ghafla kwamba wametumwa dukani. Kwa hiyo walioshinda hulazimika kusema, "Haya, mchukueni huyu, tupeni yule," na mchezo unasawazishwa katikati ya mchezo. Mtoto anagundua kwamba anamhitaji mpinzani wake, na anamhitaji akiwa na nguvu.

Mtaalamu wa saikolojia ya watoto Jean Piaget, wa Uswisi, aliandika mwaka 1932 kuhusu watoto wa kwao wakicheza gololi. Aliwauliza wadogo sheria zimetoka wapi, wakamjibu kama watu wanaozungumzia mambo ya mbinguni: zimekuwepo siku zote, hazibadiliki. Wa miaka 10 au 11 walijibu tofauti. Kwao sheria ni makubaliano, inaweza kubadilishwa iwapo wachezaji wote wameridhia. Kinachomvusha mtoto kutoka jibu la kwanza hadi la pili, kwa maelezo yake, ni kuishi na wenzake walio sawa naye, mbali na amri ya mkubwa. Chandimu ni sehemu hiyo hasa. Dakika kumi za ubishi kuhusu bao lililopita juu ya kandambili zinaonekana ni muda uliopotea, na mzazi akipita husema, "Chezeni, acheni kugombana!" Lakini kugombana huko ndiko kunakowafikisha kwenye makubaliano, na mpira ukiwekwa chini tena, kila mmoja anajua kwa nini.

Rika nazo huchanganyika. Wa miaka 7 yuko pamoja na wa 13, na kila mmoja anapata somo lake. Mdogo hawezi kushindana kwa kifua, basi anajifunza kuachia mpira mapema, kujificha nyuma ya beki, kutokea asipotarajiwa. Mkubwa naye anabanwa na sheria ya mtaa, hakuna mashuti makali kwa watoto, kwa hiyo anajifunza kupima. Mpira wa kupangwa unatenganisha watoto kwa umri, na una sababu zake njema za usalama. Ila una tatizo ambalo limeonekana nchi nyingi: umri ukikatwa tarehe 1 Januari, aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wanapangwa kundi moja huku wakiachana karibu mwaka mzima, na makocha huchukua zaidi wale wa mwanzoni mwa mwaka kwa kudhani ukubwa ni uwezo. Mtaani hakuna anayeuliza tarehe ya kuzaliwa. Wanauliza, "Unajua?"

Je, kuna ushahidi?

Upo, na una mipaka yake. Mwaka 2009 Paul Ford na wenzake walichapisha ulinganisho wa vijana wa akademi za Uingereza: wale walioendelea kufikia kiwango cha kulipwa wakiwa na miaka 16, na wale walioachwa. Walioendelea walikuwa wamecheza saa nyingi zaidi za mpira wa kujichezea, usio na kocha, kati ya miaka 6 na 12. Huko Ujerumani, Manuel Hornig, Friedhelm Aust na Arne Güllich waliwalinganisha wachezaji wa Bundesliga, ligi kuu ya huko, wakiwemo wa timu ya taifa, na wachezaji wa ridhaa. Wa timu ya taifa walikuwa na utoto uliojaa zaidi mpira wa kujichezea.

Tafiti za namna hii hutegemea kumbukumbu ya mtu kuhusu utoto wake, na kumbukumbu huteleza. Isitoshe, huenda mtoto mwenye mapenzi makubwa ndiye anayecheza zaidi mtaani na ndiye anayefika mbali, bila mtaa kuwa chanzo. Tena hao walicheza pia mpira wa kupangwa, wenye kocha. Hakuna aliyetoka kichochoroni akaingia moja kwa moja Bundesliga. Ninachokichukua humo ni kidogo lakini ni imara: saa za kujichezea hazikuwa muda uliopotea, na anayeziondoa ili aweke saa za koni anapaswa kueleza anapata faida gani.

Yapo pia ambayo chandimu haifundishi kabisa. Haifundishi kuotea (offside), kwa kuwa haina sheria hiyo. Haifundishi pasi ya mita 40, wala mpira wa kichwa, maana mpira wa matambara hauendi huko, na ukienda unaumiza. Haimfundishi beki wa kulia kujua beki wa kushoto yuko wapi. Ukipa inauonea: anayewekwa golini ni aliyechelewa au asiyejua, na anatolewa pale tu anapopatikana asiyejua zaidi. Mtoto akifika miaka 13 au 14 bila mtu wa kumfundisha uwanja mkubwa, anabaki hodari wa kichochoro, mtu wa chenga tano na pasi iliyochelewa. Hapo kocha anahitajika sana. Kosa ni kumleta miaka saba mapema na kumpa filimbi.

Waliobaki jikoni

Nimeandika "watoto" mpaka hapa, na najua ni nusu tu ya watoto. Chandimu inaanza saa kumi na moja jioni, na saa kumi na moja ndiyo saa ya maji, ya kuni, ya kuwasha jiko na ya kubeba mdogo mgongoni. Dada zetu walikuwa na wepesi uleule. Nimewaona kwenye rede, mmoja katikati, wawili wakimrushia mpira kutoka pande mbili, mahali pengine akitakiwa kujaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa. Kusoma mwili wa anayerusha, kuhamisha uzito, kugeuka kwa kisigino kimoja: hiyo ni chenga, ila haina mpira mguuni. Rede ilichezwa karibu na mlango ili anayeitwa asikie, na ilikatizwa kila mara.

Mwaka 2022 Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana, walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Waliifunga Ufaransa 2–1, wakatoka sare na Canada, wakafika robo fainali. Nililia nilipoliona bao la ushindi. Nililia kwa furaha, na kwa kuhesabu jioni ambazo dada zangu hawakupewa. Mzazi anayetaka kufanya jambo moja tu kwa ajili ya mpira wa nchi hii anaweza kumgawia kaka mtu ndoo ya maji, siku mbili kwa wiki, dada atoke akacheze.

Sharti la nafasi

Masharti yote niliyoyataja yanasimama juu ya moja: pawepo mahali. Kiwanja nilichochezea mimi kina ukuta sasa, na geti, na mbwa. Vichochoro vimekuwa njia za bodaboda. Kwa walio karibu na barabara kuu ya Tanzam, kuanzia Uyole hadi Mafiati na Iyunga, kuufuata mpira uliopaa si adhabu tena, ni hatari, na mzazi anayekataza hana kosa. Wengine jioni zao zimemezwa na masomo ya ziada.

Kwa mwenyekiti wa mtaa, kipande kisicho na hati chenye upana wa hatua kumi na tano na urefu wa ishirini na tano kinatosha, hata kiwe na mteremko. Kwa mwalimu wa michezo, uwanja mmoja wa shule unagawanyika kuwa viwanja vinne vidogo, na mipira minne ya matambara inasukwa na watoto wenyewe kwa somo moja la kazi za mikono. Weka wanne kwa wanne, wasichana ndani, wakubwa na wadogo pamoja. Kisha rudi nyuma, ukae kwenye jiwe, unyamaze. Wakianza kubishana, endelea kunyamaza.

Ukikaa hadi giza liingie utaisikia sheria ya mwisho, ambayo kwangu ndiyo yenye akili kuliko zote. Mpira hauonekani vizuri tena, moshi wa majiko umeshuka juu ya mabati, na mama wa kwanza ameshaita jina la kwanza. Timu moja inaongoza bao saba kwa mbili. Mtu anapaza sauti: "Goli la mwisho!" Maana yake yaliyopita yote yamefutwa, atakayefunga sasa ndiye mshindi. Waliokuwa wamekata tamaa wanafufuka. Waliokuwa wakizembea wanarudi kulinda. Kipa anaacha kulalamika, anainama. Mama anaita mara ya pili, kwa jina kamili, na hakuna anayeitika.